Mama Ovaroli Apiga Hesabu ya Walioacha Kazi

Kiwanda kizima cha biskuti kilimjua kama Mama Ovaroli. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye dirisha la stoo, akigawa sare kwa wanaoanza kazi na kuzipokea kwa wanaoacha. Kila sare aliiandika daftarini: tarehe, jina, idara.

Siku moja meneja alisema kikaoni kwamba pale watu huacha kazi mara mojamoja tu. Mama Ovaroli nusura apaliwe na chai. Mara mojamoja? Na mikono yake ilivyochoka kukunja sare!

Jumapili alimwendea wifi yake, mwalimu wa hesabu, daftari kwapani.

"Wifi, nifundishe. Nataka kujua watu wanatukimbia kwa kiasi gani."

"Leo umeamua kusoma! Haya, mwaka ulianza na wafanyakazi wangapi?"

"Sabini na wanane. Ukaisha na themanini na wawili."

"Wastani themanini. Walioacha?"

Alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. "Thelathini na sita."

"Gawa kwa themanini, zidisha kwa mia. Asilimia arobaini na tano."

"Karibu nusu ya kiwanda!" Aliruka, kiti kikaenda chini. "Ngoja, tupige idara mojamoja."

Kwenye matanuri waliacha wawili tu. Kwenye ufungashaji, penye wastani wa watu thelathini, waliacha ishirini na saba. Asilimia tisini! Wifi alirudia hesabu mara mbili, jibu lilelile. Wakashikana mikono wakipiga kelele kama wasichana.

Jumatatu meneja alianza kuisoma karatasi ya hesabu hizo akiwa amesimama, akamalizia amekaa.

"Kwa nini ufungashaji?"

"Zamu zao zinabadilishwa asubuhi ya siku hiyohiyo, bosi. Mtu ana mtoto wa kupeleka shule, afanyeje? Wakirudisha sare wananieleza yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na mimi sikuwa na namba."

Wiki hiyohiyo ratiba ya zamu za mwezi mzima ilibandikwa ukutani. Miezi mitatu iliyofuata, ufungashaji uliondokewa na mtu mmoja tu, tena aliyehama mji. Mama Ovaroli akapewa kazi ya kusoma asilimia kila kikao. Mara ya kwanza alisoma bila kuinua macho kutoka daftarini. Mara ya pili alimkatiza meneja katikati ya sentensi, amsahihishe wastani.