Yaya Sifa na Kiti ya Mwami

Batu yangu, naandikia hapa chini, nimekaa ku sakafu ya musée, nyumba ya kuonyeshea vitu vya zamani.

Nimechoka. Hata musinipigie.

Yaya Sifa, dada yangu mukubwa mwenye anaishi Jette huku kwa bazungu, mwenye anatembeaka mu kigari ya magurudumu, alitaka aone kiti ya mwami, mufalme wa zamani, yenye ilitoka kwetu Kivu.

Ku mulango, escalier tupu, ngazi juu ya ngazi. Nikamuambia mulinzi: "Nilishabebaka ngombe muzima ku mugongo, huyu atanishinda?"

(Ni kweli. Ulizeni Bukavu.)

Yaya akasema, "Mimi si ngombe."

Bon, bakatupitisha nyuma, mu ascenseur ya kupandisha masanduku.

Kufika, kiti iko juu kabisa, ndani ya kioo. Nikaanza kumuelezea: kuko simba mbili, kuko nyoka...

"Acha bongo na uongo, Deo. Ikala chini uone yenye mimi naona."

Nikaikala. Niliona taa, na pua yangu mu kioo. Basi.

Madame mwenye kupanga ile exposition, maonyesho ya vitu vyetu, akakuja, akaniuliza mimi: "Dada yako amependa?"

"Niulize mimi," Yaya akamujibu. "Kiti ni ya kukalia, na mwenye amekaa hawezi kuiona?"

Madame akachutama karibu yetu, akaangalia.  Alafu: "Pole, maman. Tutaishusha."

"Donc, basi, tunangoja hapa hapa."

Yaya akafunga frein ya kigari, magurudumu haizunguke tena. Nilizania anacheka. Hacheki.

Mungekuwa mimi, mungemusukuma? Mukuje mujaribu.

Sasa mulinzi anazima taa moja moja.

Yaya anavua koti.