Mafuta ya Ng'ombe kwa Shingo ya Mama

Kazi yangu ni kukanda watu. Nina chumba kimoja Ruring'u, nyuma ya kinyozi, chenye kitanda, taulo na pazia zito, maana baridi ya Nyeri haina adabu. Nimekanda madereva, walimu, na wazee wa kanisa wanaoangalia huku na kule kabla ya kuingia, ati wamekuja kwa kinyozi, na mmoja wao ana upara. Lakini kwetu Othaya, Mama aliwaambia watu kwamba mimi ni "wa hospitali". Hospitali gani, hakuna aliyeuliza, na yeye hakujisumbua kutunga.

Basi shingo yake ikakwama. Amebeba kuni na nyasi tangu akiwa msichana, mzigo mgongoni, na ule mkanda wa ngozi tunaouita mukwa umepitishwa juu ya paji la uso, shingo ndiyo ivute yote. Sasa shingo ilikuwa imegoma. Akitaka kukuangalia, anageuka mwili mzima. Hospitalini walimpiga picha, wakasema mifupa iko sawa, ni misuli imekaza, akandwe polepole. Akandwe! Na mimi nimesimama hapo hapo. Kidogo nipige vigelegele.

"Hapana," Mama akamwambia daktari. "Nipewe dawa."

Vidonge vilimtuliza kidogo tu. Alilala ameketi, ameegemea ukuta. Jirani akaanza kumshauri auze ng'ombe, kwa kuwa kuinama kumkamua kulikuwa kunamtoa machozi. Hapo niliogopa kweli. Mama bila ng'ombe ni mtu wa kukaa mlangoni akingoja kufa, na mimi sikuwa tayari.

Jumamosi nikaenda na mafuta yangu mazuri, yale ya maua ambayo wateja huyasifu. Alinusa chupa, akakunja pua.

"Hii inanuka matanga. Na mimi sitaki kushikwashikwa. Hiyo ni ya watu wa mjini."

Mjue kwamba kwetu hatukumbatiani. Tangu niachishwe ziwa, salamu yangu na Mama ni mkono, tena upesi, kama anakurudishia chenji. Lakini mimi nina hasira za karibu. Nilimfuata hadi zizini nikiwa na maneno yangu tayari.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, shingo imesimama wima kama mti, anakipangusa kiwele kwa kitambaa cha maji moto. Akachota mafuta ya kukamulia kwenye kopo, akaanza kukanda taratibu, huku akimwambia ng'ombe, "Tulia mrembo, tulia." Mrembo! Miaka yote ya maisha yangu sijawahi kuitwa mrembo katika boma lile.

"Huyo unamkanda kila asubuhi," nikasema.

"Nisipomkanda hataachilia maziwa. Si unajua?"

"Na wewe, nani anakukanda?"

Mikono yake ikasimama. Ng'ombe akageuka kuona kuna nini.

"Hakuna," akasema. Hakulalamika. Alisema tu vile mtu anavyokwambia hakuna sukari. Woi, iliniuma mpaka maneno yote niliyobeba yakaniisha.

Alikamua akamaliza, akaingia nyumbani, akatoa masharti. Mlango ubaki wazi, majirani wasije wakafikiria ujinga. Halali kitandani, anaketi. Na yale maji ya maua niyarudishe mjini. Atapakwa mafuta ya ng'ombe. "Kama hayamdhuru yeye, mimi ni nani?"

Kumvua sweta ilikuwa kazi ya kufukua. Sweta, chini yake sweta, na chini kabisa ile ya marehemu baba. Hiyo alikataa kuitoa, kwa hivyo niliivuta tu kola ikashuka mabegani. Nikapasha viganja moto kwenye jiko, nikaviweka hapo bila kukandamiza, nikangoja. Misuli ilikuwa migumu kama nduma mbichi. Mara tu alipohisi vidole vyangu alianzisha wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, nadhani ili Mungu ajue nguo ziko mwilini.

Nilishuka na kidole gumba kando ya shingo, pole pole, nikapanda tena hadi kichwani. Juu ya paji, chini ya nywele, kidole kikaingia shimoni. Mkanda ule ulikuwa umemchimba mfereji fuvuni, na mimi mtoto wake sikujua. Ningejuaje, na sijawahi kumgusa kichwa? Wimbo ulianza kupotea maneno, ukabaki mguno, halafu pumzi tu.

"Hapo," akasema. "Usitoke hapo."

Haikuisha siku ile, msidanganyike. Nilirudi kila Jumamosi, na kila Jumamosi alilalamika kuwa nimechelewa. Ng'ombe hakuuzwa. Halafu siku moja, nikiwa bado nimemshika mabega, akageuza kichwa. Kichwa peke yake, mabega yametulia, mpaka macho yake yakafika kwangu. Sijui ni lini mara ya mwisho tulikuwa karibu hivyo. Alinichunguza uso mzima bila haraka.

"Kumbe umezeeka hivi!" akasema.

Kisha akanyoosha mkono akanishika shavu, akauacha hapo, na mimi nikalia kama mtoto huku nikinuka zizi.