Mshumaa wa Madam Rehema

Harufu ya gunzi linaloungua haifanani na ya kuni. Ina utamu kidogo, kama mahindi ya kuchoma yaliyosahauliwa jikoni, na ikishakuingia kwenye nywele unalala nayo. Likizo hii gesi ilituishia Jumamosi asubuhi. Mama akarudi kwenye mafiga yake bila hata kulalamika, na ile harufu ilipofika mezani nilipokuwa naandika, nikaweka kalamu chini.

Nilikuwa nimeombwa na mwalimu wa chekechea ya kijiji nimsaidie kupanga michezo ya watoto kuhusu mwanga, kwa ajili ya siku yao ya kufunga kabla ya Krismasi. Ameniona niko kidato cha tatu, basi akadhani nina mawazo. Nilikuwa nimeandika kichwa cha habari tu, nikakipigia mstari mara mbili. Halafu hiyo harufu ikaja, nikajikuta nina miaka saba.

Ngoja nikusimulie, maana hapa kwenye daftari ndipo ninapoongea vizuri.

Nilipokuwa mdogo sikuongea. Sisemi kwamba nilikuwa mpole. Nasema sikuongea. Nyumbani niliongea na Mama, na kaka yangu Paskali akinichokoza, na ndama. Nikishatoka nje ya uzio, mdomo unajifunga wenyewe. Shida kubwa ilikuwa shikamoo. Huku kwetu, vijiji vya mlimani juu ya mji mdogo wa Gitting, mtoto asipomwamkia mtu mzima anayelaumiwa ni mama yake. Mtu anapita na jembe begani, anasimama, anasubiri. Mimi naangalia vidole vya miguu yangu. Mama ananiminya bega. Neno linapanda hadi kooni, linakwama hapo kama kiazi cha moto.

"Huyu wa kwako ana kiburi, Mama Paskali," wanasema wakiondoka.

Mama anacheka. Lakini mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, na mimi nilijua hacheki.

Chekechea yetu ilikuwa chumba kimoja cha matofali karibu na zahanati, na mwalimu alikuwa Madam Rehema. Alitoka Tanga, akimfuata mume wake aliyeletwa kuwa tabibu wa zahanati. Walipanga chumba uani kwetu. Alivaa masweta mawili na ushungi juu, akapikia jiko la mafuta ya taa ndani ya chumba chake, kwa sababu jikoni kwa Mama alilia machozi kwa moshi. Jioni alikuja hivyo hivyo kukaa mlangoni pa jiko la Mama na daftari lake, apate joto.

Mwaka ule ilikuwa mara yangu ya pili chekechea. Nilishabakishwa mara moja. Kila Desemba, siku ya kufunga, wazazi walikuja na kamati ya chekechea ikakaa mbele, na kila mtoto alisimama, akaamkia, akasema kitu alichojifunza. Aliyeweza alikwenda darasa la kwanza Januari. Asiyeweza alibaki. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Boay, mtu mrefu mwenye blanketi begani, ambaye alikuwa anasubiri shikamoo yangu tangu nizaliwe. Agnesi, mtoto wa jirani, rafiki yangu pekee na mtu aliyezoea kujibu kwa niaba yangu, alikuwa anakwenda darasa la kwanza, hilo lilijulikana. Nikibaki tena, nitabaki na watoto wanaojikojolea. Nililifikiria hilo kila siku, nikiwa nimekaa kimya.

Madam Rehema alichagua somo la mwanga. Nilimsikia akimweleza Mama huku akichora mistari ya andalio la somo kwa rula.

"Mimi Krismasi sijawahi kuipangia darasa, Mama Paskali. Lakini nimeona kila nyumba inatafuta mishumaa. Nikasema basi, mwanga. Mwanga ni wa wote. Mtoto anataka tu kujua unatoka wapi."

"Sawa," Mama akasema. "Na huyu wangu je?"

Wote wawili wakaniangalia. Nikaingia nyuma ya debe la maji.

Kazi ya kwanza aliyopanga ilikuwa vivuli. Saa nne asubuhi tutoke nje, kila mtoto apime kivuli cha mwenzake kwa hatua. Saa nne ikafika na ukungu wa mlimani ukiwa umelala mpaka kwenye mahindi, hata choo cha shule hakionekani. Tukasimama mstari, watoto thelathini bila kivuli hata kimoja. Saa tano bado. Saa sita manyunyu yakaanza. "Kwetu Tanga jua linaingia ndani bila kupiga hodi," Madam alimwambia Mama jioni, amelowa. "Hapa ni la kubembeleza!" Mama alicheka mpaka akashika mlango.

Hapo ndipo akabadilisha mpango: asiutafute mwanga nje, alete giza ndani. Tukaziba madirisha kwa mablanketi. Tukatoboa makopo kwa msumari na kuweka tochi ndani, nyota zikajaa ukutani. Tukabandika karatasi za pipi kwenye tundu moja la blanketi, nyekundu na kijani, na mtoto aliyesimama hapo aligeuka rangi mpaka meno. Nililipenda lile giza kuliko kitu chochote shuleni. Gizani hakuna anayekuuliza mbona huongei.

Lakini siku ya wazazi ilikuwa inakuja, na Madam hakuwa na nafasi ya mtu asiyeongea. Paskali alijua hilo. "Msimamishe kuku wetu badala yake," alimwambia Madam. "Huyo atasema kabla ya huyu Vero wetu."

Halafu siku moja kiberiti chetu kikalowa. Mama akanituma kwa Mama Agnesi kuomba moto.

Hapa nikueleze jambo ambalo watoto wa siku hizi wa gesi hawalijui. Moto ulibebwa kwa gunzi lenye kaa, limewekwa juu ya kigae cha chungu, na njia nzima unalipulizia kidogo kidogo. Anayebeba moto haamkii mtu. Hasimami. Mtu mzima akimwona anatoka njiani, anampisha, kwa sababu akisimamishwa moto utazima na nyumba nzima italala njaa. Ilikuwa kazi niliyoipenda kuliko zote duniani. Kimya changu kilikuwa adabu. Nilitembea nimeinua kidevu kama bibi harusi.

Siku hiyo nikakutana na Mzee Boay na Madam Rehema wanaongea njiani. Mzee akasogea kwenye majani. Mimi nikapita katikati yao.

"Vero!" Madam aliniita kwa aibu. "Mwamkie mzee!"

"Mwache apite, mwalimu," nilimsikia Mzee Boay nyuma yangu. "Hujaona ana moto?"

Jioni Madam alimhoji Mama mpaka chai ikapoa. Anabebaje? Akifika nani anampokea? Mama akamweleza kwamba anayefika na moto huulizwa kitu kimoja tu, moto umetoka wapi, naye hutaja nyumba aliyouomba, ili ijulikane nani wa kushukuriwa. Madam akafunga daftari, akalifungua tena, akafuta ukurasa mzima.

Mpango ukawa huu. Siku ya wazazi chumba kitakuwa giza. Watoto wote watakaa na mishumaa isiyowaka. Mimi nitaingia wa mwisho na moto, ambapo hakuna anayetegemea niamkie. Madam ataniuliza moto umetoka wapi, nami nitajibu: kwa Mama Agnesi. Maneno matatu. Kisha atawasha mshumaa wake, na kutoka huo mishumaa yote. Mzee Boay aliulizwa, akakubali. "Akijibu hilo, anakwenda. Lakini ajibu. Darasa la kwanza hawabebi moto kila siku."

Tulifanya mazoezi mara tano na gunzi lisilo na moto, kwa kuogopa kuunguza mablanketi. Mara zote tano Madam aliuliza, na mara zote tano nilikaa kimya. Mwishowe alinishika shavu, akasema, "Utasema siku yenyewe." Alisema kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa mzito, chumba kikawa cheusi kabisa. Niliingia na kigae changu. Wazazi walinisikia, au waliona lile jicho jekundu linakuja, wakapishana, madawati yakalia. Nilijisikia vizuri. Nikafika mbele.

"Vero," Madam akasema, "moto umetoka wapi?"

Kiazi kikapanda kooni.

Akauliza tena, taratibu. Mtu akakohoa. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ndiye huyo wa kiburi," na nikasikia Mama akivuta pumzi. Nilijua imekwisha.

Madam akaona asogeze mambo. Akachukua mshumaa wake na kuuchomeka moja kwa moja kwenye kaa. Nadhani unajua kinachotokea. Au kama umekulia kwenye swichi, hujui: nta iliyeyuka, ikadondoka juu ya kaa, moto ukafanya *tss*, na moshi mbaya ukapanda. Akajaribu tena. *Tss.* Kaa likaanza kuwa jeusi pembeni. Akapuliza kwa nguvu, kama mtu anayepoza uji, na majivu yote yakamrukia usoni na kwenye ushungi. Watu wakaanza kucheka.

Mimi sikucheka. Niliona moto wangu unakufa, moto nilioubeba njia nzima.

"Madam, siyo hivyo! Unauzima!"

Sauti ilikuwa kubwa. Sikujua ni ya nani. Nikaendelea tu, kwa sababu kaa lilikuwa halinisubiri. "Leta ganda la mahindi! Kavu! Siyo hilo, hilo bichi! Usipulize hivyo, puliza kama unaongea na mtoto!"

Mtoto wa miaka saba alikuwa anamfokea mwalimu mbele ya kamati.

Madam Rehema akapiga magoti pale chini, majivu usoni, akawa sawa na mimi kwa urefu. "Haya, mama," akasema. "Nifundishe."

Agnesi akaleta ganda kavu kutoka kwenye maganda ya kufutia miguu mlangoni. Nikalikunja, nikaligusisha kwenye kaa, nikapuliza. Moto mdogo ukasimama. Nikamshika Madam mkono na mshumaa wake, nikauleta kwenye mwali, nikaushikilia mpaka utambi ukakubali.

"Na wewe," Mzee Boay akauliza kutoka gizani, "moto wako umetoka wapi?"

"Kwa Mama Agnesi," nikasema bila kuinua macho, maana nilikuwa nakinga upepo wa mlango. Halafu nikakumbuka. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Huyu aende darasa la kwanza. Mwalimu wake ndiye abaki."

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, jamani. Nilicheka kwa sauti, mbele za watu, kwa mara ya kwanza. Mishumaa ikawashwa mmoja mmoja, nyuso zikatokea, na uso wa Mama ulikuwa umelowa.

Kwa miaka yote hii nilijisimulia hadithi hiyo kama ya kwangu. Niliogopa, nikaongea, nikaenda darasa la kwanza na Agnesi. Jumamosi hii nilimsimulia Mama tena, tukichambua maharage, nikafika kwenye maneno ya Mzee Boay na kuanza kucheka. Mama hakucheka.

"Ule haukuwa utani wote," akasema.

Ndipo akaniambia. Kamati ilikuwa imemchukua Madam Rehema kwa kumjaribu mwaka mmoja. Kulikuwa na watu waliotaka mwalimu wa hapa hapa, anayejua mambo yetu, na walisema siku ya wazazi ndiyo itakayoonyesha. Madam alilijua hilo. Asubuhi ile hakula kitu. Alimuuliza Mama, akifunga ushungi, "Wakinicheka nitafanyaje?" Na baada ya wazazi kuondoka, Mama alimkuta nyuma ya jiko letu ananawa uso tena na tena, na majivu yalishatoka zamani. Kamati haikutoa jibu mpaka Januari. Mama na akina mama wengine walikwenda mara mbili kumwombea, ndipo wakakubali aendelee kufundisha.

Nilikumbuka Krismasi ile. Alituletea vitumbua vya moto, akakaa nasi, akaniuliza maswali ya kila aina ili tu nijibu, na kila nilipojibu alipiga makofi. Mimi nilidhani ana furaha. Huenda alikuwa nayo. Lakini alikaa pale hajui kama ana kazi.

Nimefikiria sana jinsi ambavyo angeweza kusema "Kimya, Vero!" Mwalimu yeyote angesema. Mimi mwenyewe, nikiwa mgeni mahali, majivu usoni, watu wanaonipima wananicheka, ningesema. Na mimi ningenyamaza, labda mpaka leo. Yeye na mume wake walihamishwa nikiwa darasa la tatu, na sikumshukuru, kwa sababu sikujua cha kumshukuria ni kipi. Nilidhani katika chumba kile mwoga alikuwa mmoja. Tulikuwa wawili, na mwenzangu ndiye aliyekuwa na kitu cha kupoteza alipopiga magoti.