Mwanamke wa Gita Anayepiga

Wapo waliojaliwa sura, wapo waliojaliwa ng'ombe. Zuwena, mkaanga maandazi wa Shinyanga mjini, alijaliwa sikio la kujua wimbo mzuri, pamoja na mkosi wa kuishi jirani na Salehe.

Salehe alikuwa fundi cherehani, lakini jina hakulipata kwa kushona. Alilipata kwa santuri, ya pekee mtaa mzima, aliyoinunua mwaka 1934. Tangu siku ile masikio ya watu wote yakahamia kichwani mwake. Hakuna aliyeoza binti bila kwenda kumwuliza nani aimbe. Naye hufumba macho, hukuna kidevu, kisha hutaja mwanamume. Siku zote mwanamume. Zuwena alipothubutu kutaja mwanamke, alijibiwa mbele za watu: "Mama Mwanaidi, angalia maandazi yako yasiungue. Nyimbo tuachie wenyewe."

Mwaka uliofuata Zuwena alikwenda Geita, kwenye kambi za dhahabu, kumtazama dada yake. Huko akamkuta Paskazia, mjane wa Kisukuma, ameketi juu ya karai lililopinduliwa, mapajani ana gita aliloachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa anaimba nyimbo za kutunga mwenyewe, za wasimamizi na vitambi vyao. Zuwena alisikiliza mpaka uji wa dada yake ukaungua.

"Utaimba harusi ya Mwasiti, binti wa jirani yetu kule mjini," akamwambia.

"Nasikia huko kuna bwana anayechagua. Akinifukuza je, mayu?"

"Akikufukuza, mimi sitaji wimbo tena mpaka nizikwe!"

Aliapa hivyo kambi nzima ikimsikia. Kisha akaenda kwa karani, akamtajia maneno, karani akaandika kwa herufi zilizobanana kama dagaa: *Bwana Salehe, Jumamosi nakuletea mwanamke wa gita. Anapiga kuliko wanaume wote wa huku. Mfungulie mlango, ukae kitako, kazi atamaliza yeye.*

Mabula, dereva wa lori, akaifikisha barua. Salehe akaisoma kwa sauti barazani kwake, mama yake Mwasiti akiwapo. Sasa, kichwani mwa Salehe hamkuwa na nafasi ya kumweka mwanamke na gita pamoja, kwa hiyo macho yake yaliongeza herufi yenyewe: "mwanamke wa Geita." Alipofika kwenye "anapiga," jasho likamtoka.

"Kisa maandazi!" akasema. "Mama Mwanaidi ananiletea mtu wa kunipiga!"

Jumamosi mtaa mzima ukajaa mbele ya nyumba yake, maana nani angekubali kukosa kumwona fundi akichapwa? Mlango ulikuwa umefungwa, na kwa ndani umeegemezwa cherehani.

"Hodi, Bwana Salehe!" Zuwena akaita. "Nimekuja naye."

"Sipo!"

Watu wakaangua kicheko.

"Haya, kama hufungui, atapiga hapa hapa nje."

"Apige ukuta! Mimi mgonjwa wa mgongo!"

Zuwena akaikumbuka kambi nzima iliyomsikia. Kufukuzwa ndiko huku, na kiapo chake amekwisha kula. Lakini Paskazia alisogea mlangoni, akasalimu, "Mwadila, baba," kama aliyepokewa vizuri, akaketi ukingoni mwa baraza na kugusa nyuzi.

Ubeti wa kwanza alikuja nao. Wa pili aliutunga pale pale: fundi apimaye vifua vya watu wote, lakini cha kwake hakionekani kwenye utepe. Akiulizwa yuko wapi, hujibu mwenyewe. Na mtaa ukamjibia: "Sipo, sipo!"

"Huyu ndiye wa kwetu," akasema mama yake Mwasiti, na hakumwuliza mtu.

Ndani cherehani likaburuzwa. Mlango ukafunguka kiasi cha jicho moja.

"Mbona hamkusema ni gita?"

"Tuliandika," Zuwena akajibu. "Msomaji ni wewe."

Siku ya harusi Salehe alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, na kabla pilau haijapakuliwa alikwisha kuwaeleza wageni wa Kahama kwamba ni yeye aliyemgundua mwimbaji yule. Zuwena akasimama nyuma yake, sinia la maandazi kichwani.

"Bwana Salehe," akauliza, sauti ya kufika jikoni, "siku unamgundua, ulikuwa wapi vile?"

Ua mzima ukamjibia.