Mabati Niliyomwezekea Mama

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia mvua ikija kutoka upande wa ziwa. Mwanangu, juzi ulinionyesha kwenye simu picha za mabati ya rangi, ukasema unataka kumwezekea mama yako nyumba kabla ya Krismasi. Nilinyamaza, ukadhani sijapenda ile rangi. Rangi ni nzuri. Nilinyamaza kwa sababu ya nyanya yako, ambaye hukumjua.

Nilikuwa kijana mwenye aibu, shule nimeishia ya msingi. Nilikuwa nimekata miwa upande wa Rongo misimu miwili, nikarudi nyumbani Magunga na pesa kidogo. Baba alikuwa ameshafariki. Nyasi ya nyumba ya mama ilikuwa imeoza upande mmoja, na yeye na majirani zake walikuwa wamekata mpya, wakaifunga miganda na kuipanga nyuma ya jiko. Unajua kwetu kuezeka nyasi ni kazi ya watu wengi. Wanawake wanakata, wanaume wanapanda juu, mwenye nyumba anapika.

Mimi nikasema hapana, nitaweka mabati.

"Ochieng', mimi nimezoea nyasi yangu," mama akaniambia. "Mabati inapiga kelele, na mchana inachoma kama karai."

"Lakini mama, watu wakipita barabarani watasema nilienda Rongo kulala."

"Hao watu ndio watalala humu?"

Nikacheka tu. Yeye pia akacheka, nami nikaona nimeshinda. Ile miganda akampa jirani.

Nilinunua mabati membamba kuliko yote dukani, kwa sababu yaling'aa. Dari sikuweka. Fundi aliniuliza kama niko na uhakika, nikamwambia ajaze misumari tu amalize. Jioni ile nilitembea hadi barabarani, nikageuka kuitazama nyumba. Ilionekana vizuri sana kutoka huko.

Baada ya hapo mama alishinda nje mchana, akifuata kivuli cha ukuta. Mvua ikinyesha tukiwa ndani tuliongea kwa mikono kama mabubu, na wageni wakacheka. Hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Halafu ikaja ile alasiri. Mvua ilikuwa ya mawe. Mimi nilikuwa kwenye simba yangu, ile nyumba ya kijana karibu na lango. Hiyo ilikuwa bado ya nyasi. Nililala kitandani kwa utulivu, nikisikia mabati ya mama yakivuma ng'ambo ya uwanja, nikafurahi kwamba hayavuji.

Kumbe yalivuja. Maji yaliingia kwenye tundu la msumari, na alipokwenda kutega beseni akateleza, akavunjika nyonga. Mvua ilipokatika nilisikia sauti ndogo. Nilimkuta sakafuni, nguo zimelowa.

"Nimekuita mpaka nimechoka," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Tulimpeleka Homa Bay hospitali. Walijitahidi, lakini hakutembea tena, na mahindi ya mwaka ule hakuyaona yakivunwa.

Kwenye matanga, watu wengi waliniambia ni kazi ya Mungu. Mzee Ogola, aliyekuwa akiezeka nyasi nyumba zote za upande wetu, hakuniambia hivyo. Alivuta kiti karibu yangu.

"Jaduong', mzee wangu, ni mabati," nikamwambia. "Mabati ndiyo yameniulia mama."

"Wacha kusingizia mabati," akasema taratibu. "Hata kwangu kuna mabati, na mke wangu amenenepa chini yake. Wewe uliwaezekea watu wa barabarani. Mama yako alikuambia anachotaka, na siku hiyo mvua haikuwa inanyesha. Ulimsikia."

Akabaki amekaa nami mpaka watu wakaitwa kula. Mimi sikula.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi mabati. Nyasi nzuri siku hizi ni shida kupata, na waezekaji wamezeeka. Lakini kabla hujaenda Oyugis kununua mabati, keti na mama yako umuulize anavyotaka kuishi. Akisema jambo dogo, lichukue kama jambo kubwa. Chukua bati nene, hata kama itabidi ungoje msimu mwingine. Weka dari, hiyo ndiyo inayopunguza joto na kelele. Inua ukuta kidogo, hewa ipite. Fundi akikuuliza swali, usimharakishe. Na mvua kubwa ikianza, usingoje ikatike. Jifunike gunia uvuke uwanja, uingie ukae naye.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka. Ajalie mama yako azeeke mahali pakavu, na wewe uzeeke bila kitu kama hiki cha kumwambia mtoto wako.