Nashona nguo za eda, na harusini kwa mdogo wangu sitakiwi

Admin, jina langu ubaki nalo wewe. Wa hapa Tabora watanijua tu, maana ukisema "fundi wa eda wa Isevya" hata mtoto anakuonyesha mlango, lakini angalau wa mbali wasinijue.

Nina miaka thelathini na sita, sijaolewa, ni fundi cherehani. Zamani nilishona kila kitu: sare za shule, madera ya Idi, magauni ya maharusi, hata kupunguza suruali za waume wa watu. Maisha yalikuwa ya kubangaiza lakini mlango wangu haukukosa watu, na wengine walikuja kupiga soga tu.

Baba alipofariki, mama akakaa eda, nikamshonea nguo zake. Nyeupe, pana, hazina nakshi, lakini zimekaa vizuri mabegani, maana mama alikuwa mtu wa kupendeza na sikutaka msiba umvishe gunia. Nikapiga picha gauni moja likiwa kwenye hanga, nikaliweka kwenye ukurasa wangu. Jioni simu ilijaa ujumbe wa wanawake nisiowajua, wa Kigoma, wa Mwanza, wa Dar: "Dada, nami nimefiwa, nishonee." Nikashona, nikatuma kwa basi. Nikalipia tangazo, na tangu hapo mtandao wenyewe ukawa unaniletea wajane, sijui unawajuaje. Mmoja aliniambia gauni langu ndilo kitu pekee kilichomkumbatia wiki ile. Nilijivuna, sikatai. Wanaofundisha biashara mitandaoni wanasema usiuze kila kitu kwa kila mtu, tafuta watu wako wachache uwahudumie hao. Haya, nikawapata watu wangu. Ila hakuna aliyeniambia kwamba ukiwapata hao, wengine wote wanakukimbia.

Wa kwanza kuondoka ni jirani aliyekuwa ameniletea kitambaa cha harusi ya bintiye. Alikifuata hata sijakikata. "Si kwa ubaya, fundi," akasema, "lakini cherehani hiyohiyo?" Nikienda kumjulia hali mgonjwa, mkewe ananitazama mikono kama nimekuja na futi ya kumpimia. Sokoni wananitania, "Kufa kufaana, fundi!" Wanacheka, nami nacheka, nikifika nyumbani nalia. Nilimuuliza ustadhi, akasema dini haina mkosi wa namna hiyo. Najua haina. Nani atawaambia wao?

Nilijaribu kurudi nilikotoka. Nikashona gauni la bibi harusi, shanga kifuani, mkia mrefu, nikaliweka ukurasani. Walioliona ni wajane wangu walewale. Mmoja akaandika, "Pole dada, nani tena?" Mwingine akauliza kama naweza kulitoa shanga.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe. Mama naye alifariki, nikabaki na mdogo wangu, nitamwita Zuhura, si jina lake. Amekulia chini ya meza yangu ya cherehani, akiokota vipande vya vitambaa na kumvisha mwanasesere wake. Alikuwa akiniambia, "Dada, gauni langu la harusi utanishonea wewe." Nilikuwa nimeshalitunzia kitambaa. Posa ikaja kutoka Cheyo, hapahapa mjini, kwa watu wema, na mama wa kijana alikuwa mteja wangu wa miaka. Mumewe anaumwa, yuko kitandani tangu Ramadhani.

Mama yule akaja nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanywa chai yangu. Kisha akasema, "Mwanangu, usinielewe vibaya. Nina mgonjwa ndani. Gauni la binti tutaagiza Dar. Na siku yenyewe ungepumzika tu nyumbani, sahani yako tutakuletea."

Nikamtazama Zuhura. Akatazama mkeka. Mgeni alipoondoka akaniambia, "Dada, ni siku moja tu. Wale nitaishi nao maisha yote." Naumia, jamani, naumia kuliko nilipomzika mama.

Harusi ni Ijumaa hii. Jana mchana nikapokea ujumbe wa sauti kwa namba ngeni. Sauti niliijua kabla hajajitaja. Ni yeye, mama mkwe wa mdogo wangu.

"Mwanangu, ni mimi. Mzee tulimpeleka hospitali, madaktari wametuambia tumrudishe nyumbani. Namwomba Mungu ampe siku aione ndoa ya mwanawe, basi. Nishonee zangu mapema, za kitambaa chepesi, nisije nikahangaika siku hiyo. Usimwambie mtu, hata Zuhura." Nikamsikia anapenga kamasi. Nikadhani amemaliza. Kisha akaongeza, "Na Ijumaa, mwanangu, bado usije."

Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi. Kumchukia siwezi, mtu anayelia hivyo. Kumpenda nako siwezi.

Ndugu zangu, mimi nimekwama. Nikimshonea, na yule mzee akaondoka kabla ya Ijumaa, siku likijulikana watasema nilimkatia sanda angali hai, na Zuhura hatanisamehe. Nisipomshonea, mama wa watu atakaa eda na nguo za kuazima, na mimi ndiye niliyewaambia wanawake wote mtandaoni kwamba hakuna mjane wa kuvaa gunia. Kuiacha kazi nako siwezi, wa hapa mjini hawarudi tena.

Kitambaa nimeshakitandaza mezani. Vipimo vyake sihitaji kumuuliza, ninavyo kichwani tangu enzi za madera ya Idi, alipokuwa akija kwangu mchana kweupe na kukaa mlangoni akicheka. Mkasi naushika, naurudisha. Nishaurini, nikate au nisikate?