Masikio ya Mwana-Kondoo wa Heini

Tarehe 9 Oktoba 1974, Heini Debes, mfugaji na mchonga mbao wa kisiwa cha Sandoy, katika Visiwa vya Faroe, aliandikisha alama ya kondoo wake: sikio la kulia limekatwa ncha, la kushoto zima. Tangu siku hiyo, kila kondoo aliyempitia mikononi, wa nyama au wa mti, ametoka na alama hiyo.

Ndiyo maana baraza la kanisa lilipomwomba achonge ubao wa kufungwa ubavuni mwa benchi, wenye Mwana-Kondoo wa Mungu aliyeshika bendera ya msalaba huku damu ikimtoka kifuani na kuingia kikombeni, hakufikiri mara mbili. Ni mnyama huyohuyo ambaye, kwa maelezo ya wasomi, aligeuka kuwa kondoo dume aliyeko kwenye ngao ya taifa ya visiwa. Heini alimchonga kibandani, chini ya mapaja ya kondoo yaliyotundikwa yakauke kwa upepo. Baraza lilikuwa limemwonya: kazi ikikataliwa, ubao utaagizwa Denmark. Aibu hiyo asingeivumilia.

Jirani yake Absalon, mwenyekiti wa baraza, ndiye aliyeuona kwanza.

"Heini, kwa hiyo Mwana-Kondoo wa Mungu ni wako?"

"Wangu vipi?"

"Sikio hilo! Siku ya mwisho tuje tukuombe ruhusa wewe?"

"Ulitaka nimwache bila alama? Kondoo asiye na alama huchukuliwa na mwenye malisho."

"Sawa, si ndiyo sheria?"

"Mwenye malisho ni wewe, Absalon."

Baraza likaamua alama iondolewe. Lakini mti ukishakatwa haurudi. Heini alichoweza ni kukata zaidi, akatia pengo kwenye sikio la kushoto. Jioni ile Dánjal, mjumbe wa baraza mwenye kondoo waliokonda kuliko wote kijijini, akabisha hodi akiwa amevua kofia.

"Nashukuru, jirani. Hiyo ni alama yangu. Nitakuja kumchukua tukianza kuchinja."

"Umechelewa. Huyu keshachinjwa."

Kesho yake Heini akayakata masikio yote mawili, hadi shinani. Absalon alipomtazama mnyama, akaguna.

"Sasa ni wa wizi. Nani hukata sikio zima, kama si mwizi anayeficha alama?"

Heini akaufunika ubao kwa blanketi, akaupakia kwenye toroli na kuusukuma hadi kwa kasisi, Mama Sunnvá. Kasisi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akagusa kifua cha mnyama.

"Alama yake hii hapa, mzee wangu. Jeraha. Hakuna mtu kijijini mwenye alama ya namna hii, kwa hiyo hakuna anayeweza kumdai. Alichinjwa kwa ajili ya wote, na bado amesimama."

Heini akaliangalia jeraha. Alikuwa amelichonga mwenyewe, lakini mawazo yake yote yalikuwa masikioni.

"Nimekuelewa, Kasisi. Ila Absalon hatazami kifua."

"Basi mfunike hayo masikio."

Heini akachukua kipande cha gogo lililoletwa na bahari, akatengeneza pembe mbili nene, zikajikunja hadi mashavuni na kufunika pale palipokatwa. Baraza likakutana tena. Absalon alipitisha kidole nyuma ya kila pembe, akakuta mti mtupu.

"Na mwana-kondoo mwenye pembe kama hizi umemwona wapi?"

"Kwenye Ufunuo," alisema Kasisi. "Kule ana pembe saba. Heini ametusamehe tano."

Dánjal ndiye aliyecheka kwanza, na ndiye aliyenyoosha mkono kwanza kuikubali kazi. Wengine wakafuata. Absalon alinyoosha wa mwisho, akitazama dirishani.

Denmark hakuagizwi kitu. Jumamosi hii Heini anaufunga ubao wake kwenye benchi la tatu, na Jumapili ibada inaanza saa sita mchana.